Marahaba Moja, Pumzi Tatu

Kutoka nyumbani kwa Natalia hadi barabara ya lami, pale Nakwa, mtu mwenye miguu mizima anatumia dakika kumi. Natalia anatumia dakika arobaini, na miguu yake haina tatizo lolote. Sababu ni salamu. Huyu mama hajawahi kupishana na binadamu akamwacha apite hivihivi. Akikukuta njiani atakujulia hali wewe, kisha mumeo, kisha watoto mmoja mmoja kwa majina yao, kisha yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea, kisha mahindi ya bondeni. Ukidhani mmemaliza, na umeshageuka uende zako, anakuita tena: "Na yule shangazi yako wa Dareda, goti limepoa?" Hapo unarudi, unaeleza goti.

Mtaa mzima ulishamzoea na kumtania. Mwanawe mkubwa, Venance, aliyempa mama yake jina la Mama Venance, anasema ukimtuma mama chumvi ya mchana utaitia kwenye mboga ya jioni. Natalia mwenyewe haoni la kuchekesha hapo. Alilelewa hivyo. Kwa wazazi wake, kule juu Mbulu, mtoto aliyempita mkubwa bila kumwamkia alirudishwa njia nzima akaiseme hiyo shikamoo, hata kama huyo mkubwa ameshafika kwake na ameshavua viatu. Natalia alirudishwa mara moja tu maishani mwake, akiwa na miaka saba, kilima kizima, na mvua inamnyeshea. Ilimtosha mpaka leo, na leo ana miaka hamsini na nne.

Sasa, jamani, mwanamke huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu pumzi za watoto.

Msicheke kwanza. Alistahili. Kwa miaka kumi na miwili Natalia amekuwa mhudumu wa afya wa mtaa, yule mama anayejua nani ana mimba, nani amekosa chanjo na nani anajifanya mtoto wake haumwi kwa sababu shamba linamngoja. Watafiti wa magonjwa ya watoto walipofika Babati na kufungua ofisi yao ya vyumba vitatu kule Bagara, watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wanawatafuta. Walikuwa na swali moja, na walilieleza vizuri hata aliyekuwa anasinzia nyuma akalielewa. Je, mama wa mtaani, akipewa mafunzo ya wiki mbili na kisaa cha kupima dakika moja, anaweza kuitambua nimonia kwa mtoto nyumbani kwao, mapema, kabla mtoto hajazidiwa na kukimbizwa hospitali watu roho mkononi? Na akiitambua, akampa dawa ya kuanzia palepale, mtoto atapona sawasawa na yule aliyetibiwa kituoni?

Kazi yenyewe, ukiisikia, unaona hata wewe unaiweza. Mtoto mwenye nimonia anapumua harakaharaka. Basi unamfunua kifua, penye mwanga, awe ametulia, halii wala hanyonyi. Unabonyeza kisaa, unahesabu kifua kinavyopanda, moja, mbili, tatu, hadi kisaa kilie. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hamsini na kuendelea ni nimonia. Aliyetimiza mwaka, arobaini na kuendelea. Ukikatizwa, unaanza upya. Hilo la kuanza upya waliambiwa siku ya kwanza na siku ya mwisho, na Natalia aliliandika kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Kwenye mafunzo alikuwa wa kwanza kati ya watu ishirini na wawili. Walikuwa ukumbini, milango imefungwa, wanaonyeshwa watoto kwenye televisheni, na Natalia hakukosea hata pumzi moja. Kichwa kikamvimba kidogo, tusimfiche. Kile kisaa alikitia kamba akakivaa shingoni, akawa anakwenda nacho sokoni na hata kanisani. Kuna Jumapili kililia katikati ya mahubiri, na padre, ambaye ni mtu mwenye haki, akafupisha.

Mwezi wa nne mambo yakaanza kuharibika.

Ilikuwa Ijumaa, anapepeta mbaazi uani, simu ikaita. Alikuwa Joyce, karani wa takwimu wa ile ofisi ya Bagara.

"Shikamoo Mama Venance."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Na yule mdogo wako aliyeolewa Singida, ameshajifungua?"

"Amejifungua, mama, wa kike. Mama, nilikuwa nakupigia kuhusu namba zako."

"Wa kike! Hongereni sana. Anaitwa nani?"

Jina likatajwa, likasifiwa, na hatimaye namba zikapata nafasi. Iko hivi, Joyce alisema. Katika utafiti huu, baadhi ya watoto huhesabiwa mara ya pili na mtu mwingine ndani ya saa hiyohiyo, ili kuona kama hesabu zinalingana. Za wahudumu wengine zinapishana kwa pumzi moja au mbili, na hiyo si kitu. Za Natalia zilikuwa chini. Chini kwa saba, chini kwa tisa, mara moja chini kwa kumi na nne. Hata siku moja hazikuwa juu.

"Jumanne Daktari Adrian anakuja kukuangalia ukifanya kazi," alisema Joyce kwa sauti ndogo. "Mama, usinichukie. Zisipolingana, fomu zako zote za miezi minne zitawekwa pembeni, na utatolewa kwenye utafiti."

Natalia akakata simu bila kuaga, jambo ambalo halijapata kuonekana Nakwa. Kutolewa! Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba yeye ndiye mama wa pumzi. Wanawake walikuwa wanamletea watoto hata wa kata za jirani. Angewaambia nini? Kwamba amefika umri huu na hajui kuhesabu hadi hamsini?

Alianza kwa kuyashuku macho. Akachukua sindano na uzi, akautunga mara ya kwanza tu alipojaribu. Macho yalikuwa mazima. Akamgeukia mumewe, Melkiadi, aliyekuwa amelala kwenye kiti baada ya chakula, mdomo wazi. Akabonyeza kisaa akamhesabu. Kumi na sita. Akarudia, kumi na sita. Mara ya tatu, kumi na saba.

Melkiadi akafumbua jicho moja. "Nimekufa?"

"Bado. Lala."

Basi kama macho ni mazima na kuhesabu anajua, kosa litakuwa la hao wanaorudia. Natalia alifikia uamuzi huo Jumamosi, akaukumbatia Jumapili nzima, na Jumatatu akaingia kazini akiwa na amani kiasi.

Jumatatu hiyo alipita kwa Vailet, mke wa mjukuu wa Mzee Yohanes. Mtoto wa Vailet, Felix, wa miezi minane, alikuwa anakohoa kwa siku mbili. Natalia akakaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, akamfunua mtoto kifua, akabonyeza kisaa. Moja, mbili, tatu. Alipofika kwenye ishirini na kitu, Mzee Yohanes mwenyewe akatokea zizini.

Mzee Yohanes huyu amepita miaka themanini. Ndiye mkubwa wa eneo lile lote, na alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Natalia tangu wakichunga ng'ombe pamoja. Akisalimia, anasalimia kwanza kwa Kiswahili, halafu, kwa kuwa Kiswahili hakimtoshi, anaanza tena mwanzo kwa Kiiraqw. Anavua kofia kabisa. Anauliza habari za watu waliokufa zamani, kwa heshima tu.

"Shikamoo baba," alisema Natalia, macho yako palepale kifuani kwa mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Melkiadi ameamkaje? Ng'ombe mmewapeleka wapi siku hizi?"

Natalia akajibu yote, ya Kiswahili na ya Kiiraqw, na hakumkosea mzee hata neno moja. Mzee aliporidhika akavaa kofia yake, na Natalia akaendelea kuhesabu kutoka pale alipoachia. Kisaa kikalia. Arobaini na moja.

"Ni mafua tu, Mama Felix," akamwambia Vailet. "Mnyonyeshe mara kwa mara, mfunike vizuri. Keshokutwa nitapita tena." Akaandika arobaini na moja kwa mwandiko wake mzuri, akaaga, akaondoka.

Jumanne Daktari Adrian akaja. Kijana wa Songea, mpole, umri wake na wa Venance haupishani sana. Alimwamkia Natalia kwa heshima zote, akajibu habari za Songea nzima, kisha wakaenda kwa Lea, yule mama anayekaanga samaki wa ziwani. Binti yake Ritha, wa mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa na mafua. Nyumba ya Lea imetazamana na njia, na kibaraza kiko nje kabisa, penye mwanga wa kutosha. Natalia akakaa hapo na mtoto. Adrian akakaa nyuma yao, kisaa chake mkononi.

"Anza tu mama, kama kawaida yako. Mimi usinijali."

Natalia akabonyeza. Moja, mbili, tatu, nne. Njiani akatokea Hellen, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, kapu kichwani. "Shikamoo Mama Venance!" "Marahaba, hujambo? Nyumbani?" Kumi, kumi na moja. Mwanafunzi mmoja aliyechelewa shule akapita mbio. "Shikamoo!" "Marahaba, kimbia!" Kumi na tisa, ishirini. Halafu Michael wa bodaboda. "Mama mkubwa, mambo!" "Poa, punguza mwendo wewe, kuna watoto!" Ishirini na sita, ishirini na saba. Kisaa kikalia.

"Ishirini na saba," alisema Natalia. "Mtoto hana nimonia."

"Ni kweli hana," alisema Adrian. "Lakini mimi nimepata thelathini na tano."

Natalia akamtazama kwa huruma. Akamweleza, taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto wa mwenzake, kwamba kuhesabu pumzi kunataka utulivu, na kwamba vijana wa siku hizi wana haraka.

Adrian alisikiliza mpaka mwisho. "Nimehesabu na kitu kingine, mama. Wamepita watu watatu, na wote watatu umewaitikia."

"Sasa ulitaka niwanyamazie? Wakasimulie huko kwamba nimepatwa na nini?"

"Sijasema hivyo. Nauliza tu. Wakati unamwitikia yule mama wa kapu, ulikuwa unahesabu?"

"Nilikuwa namwangalia mtoto. Jicho halikutoka hapa."

"Kuangalia uliangalia. Kuhesabu?"

Natalia akakitazama kisaa chake. Akakitazama kifua cha Ritha, kilikuwa bado kinapanda.

"Marahaba moja ni pumzi tatu, mama," alisema Adrian, na sasa kicheko kilikuwa kinamponyoka. "Ya mwanafunzi ilikuwa ya haraka, ile ilikula mbili. Wa bodaboda na ule ushauri wako wa barabarani, tatu. Jumla nane. Ishirini na saba na nane ni thelathini na tano. Wewe ukisalimiwa unasimama, lakini mtoto hasimami. Yeye anaendelea kupumua."

Weeh! Lea alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Venance! Kumbe pumzi za watoto wetu umezigawa njiani!" Natalia naye akacheka, tena kwa sauti, machozi yakamtoka. Alikuwa anacheka kwa furaha hasa. Si macho, si kichwa, si uzee. Ni salamu tu! Kitu cha kurekebisha leoleo. Alikuwa bado anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kicheko kikamkauka.

"Mzee Yohanes," akasema.

Adrian hakuelewa. "Nani?"

"Mzee Yohanes hasalimii kwa pumzi tatu." Alikuwa ameshasimama. "Mtoto wake wa jana. Miezi minane. Niliandika arobaini na moja, daktari, na katikati hapo nilimweleza mzee habari za ng'ombe wetu wote!"

Wala hakungoja jibu. Alimrudishia Lea mtoto wake, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia.

Watu wa Nakwa wanaisimulia asubuhi ile mpaka leo. Walimwona Natalia anakuja, wakasimama kama ada, wakajiandaa kwa goti na ng'ombe na shangazi, na Natalia akawapita. Akawapita! Hellen, aliyekuwa amesimama na fundi cherehani, alinyoosha mkono kabisa, na mkono ukabaki hewani. Mama mmoja akasema huyo amefiwa. Mwingine akasema hapana, ni hao watafiti wa Bagara, wamempa cheo, sasa hatuoni tena. Nyuma yake Daktari Adrian anakimbia na begi, jasho linamtoka, anaokota zile salamu moja moja: "Marahaba! Hajambo! Shikamoo mama! Tuna haraka, samahani! Shikamoo!" Mtoto wa watu, hakuna aliyemfahamu, na aliwaitikia wote.

Natalia hakusikia hata moja. Alikuwa anahesabu hatua zake, na kati ya hatua alikuwa anamwomba Mungu, waziwazi, kwa sauti: nimkute bado mzima, nimkute bado mzima.

Vailet alikuwa amekaa mlangoni palepale pa jana, Felix mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala. "Amekataa kunyonya tangu alfajiri," alisema kabla hajaulizwa. Natalia akapiga magoti chini kwenye vumbi, akamfunua mtoto kifua.

Mzee Yohanes alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Akainuka. Akavua kofia. Akafungua mdomo.

Na Natalia, binti wa watu walioheshimika, aliyerudishwa kilima kizima kwenye mvua kwa sababu ya shikamoo moja, akamwinulia mzee wa miaka themanini kiganja cha mkono, namna ile askari anavyosimamisha gari.

Vailet akaziba mdomo wake kwa kanga. Adrian, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akasimama alipokuwa. Mzee Yohanes alikitazama kile kiganja, akamtazama Natalia, akakitazama kifua cha kitukuu chake. Mdomo akaufunga. Alibaki amesimama, kofia mkononi.

Natalia akabonyeza kisaa.

Hujui urefu wa dakika moja mpaka uhesabu mtoto anayeumwa. Kifua kile kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka bila kupumzika, na chini ya mbavu, kila pumzi ikiingia, nyama ilikuwa inabonyea ndani. Ishirini. Ishirini na moja. Kwenye uzio mtu akaita, "Hamjambo hapo!" Hakuna aliyeitika. Mzee Yohanes akainua fimbo yake kuelekea kwenye uzio, taratibu, na mtu yule akajipitia. Arobaini. Arobaini na moja, na hapo machozi yakaanza kumshuka Natalia, kwa sababu namba ileile ya jana alikuwa ameifikia na kisaa bado kilikuwa na safari. Hamsini. Sitini. Kikalia.

"Sitini na mbili," alisema.

"Sitini na mbili," alisema Adrian nyuma yake. Alikuwa ameshafungua begi. Akamkagua mtoto haraka, akamwekea kidoleni kile kifaa cha kupima hewa kwenye damu, akaisoma namba yake, na uso ukabadilika. "Mama, hapa si pa vidonge vya nyumbani. Hospitali. Sasa hivi."

Kornel wa bajaji aliitwa, akaja mbio. Vailet akaingia na mtoto, Adrian akaingia. Natalia, mguu mmoja ukiwa ndani tayari, akageuka. Mzee alikuwa bado amesimama palepale.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," alisema Mzee Yohanes. "Nenda."

Waliokuwepo wanaapa kwamba hiyo ndiyo salamu fupi kuliko zote alizowahi kutoa tangu azaliwe.

Felix alilazwa siku tano. Siku ya kwanza aliwekewa oksijeni na dawa za sindano, na Natalia alikaa kwenye benchi la nje akakataa chai, akakataa maandazi, na wauguzi wanaomfahamu wakashangaa kwamba hajamuuliza mtu yeyote habari za kwao. Vailet alipotoka kupunga hewa, Natalia akamwambia ukweli palepale. Hakuuzungusha.

"Mama Felix, ni mimi. Jana mtoto alikuwa anapumua vilevile. Nilikuwa namsalimia babu."

Vailet akakaa kwenye benchi. Alikuwa amechoka, na alikuwa na haki ya kukasirika, na kwa kitambo alikasirika kweli. "Na mimi nilikaa hapo hapo," alisema mwishowe. "Nilikusikia unasalimia. Nikaona mtu ana adabu." Halafu akaanza kulia, na Natalia akamshika, wakalia wote wawili.

Siku ya pili Felix akanyonya. Natalia akakubali chai.

Lakini alikuwa na kazi. Alichukua daftari lake, akaandika majina ya watoto wote aliowaona wiki zile mbili za mwisho na kusema hawana nimonia, akawazungukia mmoja baada ya mwingine kuwahesabu upya, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Wengine walikuwa wamepona mafua yao zamani na walikuwa wanacheza tope, ikabidi wakamatwe. Mmoja alikutwa na pumzi arobaini na tatu, umri wake unasema arobaini ni ugonjwa, akapewa dawa siku hiyohiyo na akapona. Mpaka anamaliza, Natalia hakuwa amelala vizuri hata siku moja.

Alhamisi akaenda Bagara. Joyce alimpokea kwa wasiwasi, akafunga mlango, akamnong'oneza. Alikuwa na njia ya kumwokoa. Kama Natalia anaweza kukumbuka alisalimiwa mara ngapi kwenye kila nyumba, wanaongeza tu tatu tatu, namba zinapanda, zinalingana, na yeye anabaki.

"Mwanangu," alisema Natalia, "wewe una roho nzuri. Lakini kwa Mzee Yohanes mngeongeza ngapi?"

Akaomba fomu zake zote, mia moja na tisa, ziwekwe pembeni. Ofisi ilimpa karatasi ya kueleza sababu. Wataalamu huwa wanaijaza hiyo mistari yote kumi kwa maneno magumu. Natalia aliandika mstari mmoja: "Nilikuwa nasalimia, sikuanza upya." Akatia sahihi. Kisha akaivua ile kamba ya kisaa shingoni, akakiweka kisaa mezani.

Daktari Adrian aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Safari hii hakucheka.

"Fomu tunaziweka pembeni, mama. Hiyo haina mjadala," alisema. "Lakini swali letu lilikuwa kama mama wa mtaani anaweza kuitambua nimonia. Tulikufundisha ukumbini, milango imefungwa, halafu tukakutuma Nakwa barabarani. Kosa hilo ni letu pia, na kama wewe usingeliandika tusingelijua. Wahudumu wengine nao wana majirani." Akamsogezea kile kisaa. "Wiki tatu. Joyce atarudia kila mtoto unayemhesabu. Zikilingana, unabaki."

Sasa ikabaki Nakwa yenyewe, ambayo ilikuwa imenuna. Jumapili, baada ya misa, Natalia alisimama mbele ya kanisa akiwa na kanga nyekundu mkononi, akajaribu kueleza: akiwa ameivaa begani, tafadhali, wasimsalimie, anahesabu, akiivua, atawaitikia wote. Watu wakamtazama tu. Hellen, ambaye mkono wake uliachwa hewani, alikuwa na lake la kusema, na alikuwa anavuta pumzi alitoe.

Mzee Yohanes akasogea mbele na fimbo yake. Akavua kofia.

"Huyu mwanamke aliniinulia mkono nyumbani kwangu," alisema, na watu wakaguna. "Mtoto wangu anarudi leo kutoka hospitali, anakula. Basi mimi nasema hivi. Akiwa na kanga nyekundu begani, mimi Yohanes simsalimii. Na kama mimi simsalimii, wewe ni nani?"

Hellen akalimeza lake, akasogea kuishika ile kanga aione vizuri.

Ukipita Nakwa siku hizi unaweza ukaogopa. Unakuta watu saba, wanane, wamesimama njiani kimya karibu na uzio wa mtu, kapu kichwani, jembe begani, Michael amezima pikipiki, hakuna anayekohoa. Unadhani kuna msiba. Halafu unasikia kisaa kinalia, kanga nyekundu inatoka begani, na zile shikamoo zote zinamwagika kwa mpigo, na Natalia anazilipa moja baada ya nyingine mpaka kwenye magoti ya mashangazi. Venance analalamika kwamba chumvi sasa inafika keshokutwa.

Siku ya mwisho ya zile wiki tatu, Joyce akiwa pembeni na kisaa chake, walimaliza kwa Vailet. Hesabu zote za nyuma zilikuwa zimelingana, ikabaki hiyo moja. Felix alikuwa amenenepa, anataka kula kamba ya kisaa. Mzee Yohanes alikuwa kwenye kiti chake, kofia mkononi, ametulia, ila midomo yake ilikuwa inachezacheza. Natalia akavaa kanga, akabonyeza, akahesabu hadi mwisho. Kisaa kikalia. Akaivua kanga na kumgeukia mzee amwamkie, na mzee akamwahi.

"Thelathini na nne," alisema Mzee Yohanes.

Natalia alikuwa na thelathini na nne. Joyce naye alikuwa nayo hiyohiyo.